Namba za Fagio

Siku msaka vipaji alipokuja kutazama mechi, Kocha aliomba mvua inyeshe. Makocha wenzake wangefunga na kuomba siku tatu kumpata mgeni kama huyo pembeni ya uwanja wao, na yeye alikuwa akitazama mawingu. Mvua haikunyesha. Jua liliwaka vizuri tu, na mtoto wake akacheza mechi nzuri kuliko zote alizowahi kucheza.

Kocha kwa kazi yake ya asubuhi ni fundi wa kuchomelea. Magoli yote mawili ya uwanja ule aliyachomelea mwenyewe, na ukimwambia kwamba lile la upande wa shule limeinama kidogo kulia, atakujibu kwamba goli limesimama, ardhi ndiyo imeinama. Asubuhi ni mageti na madirisha. Saa kumi jioni anavua miwani ya kazi, ananawa uso, anavaa filimbi shingoni na kwenda kwa watoto arobaini wanaomsubiri. Miaka kumi na miwili hajakosa, labda siku ya msiba. Ni mtu wa maneno mengi na sauti kubwa, anayejua mpira kweli kweli, na ninayoyasimulia hapa si ya mtu asiyejua kazi yake. Angekuwa hajui ningemhurumia zaidi.

Mtoto wake, kiungo wa mbele, aliitwa Profesa. Jina alipewa na watazamaji wanaokaa juu ya ukuta wa shule, kwa sababu alicheza kama mtu aliyeonyeshwa mechi jana yake. Anapewa mpira akiwa amelipa goli mgongo, wala hageuki kutazama; anaupiga moja kwa moja upande wa pili, na huko utamkuta winga yuko peke yake kama mgeni aliyefika mapema. Watu juu ya ukuta wanashikana mabega. Mtoto ana macho kisogoni, wanasema.

Nyuma yake alicheza Fagio. Huyu alikuwa mtoto wa mpishi wa shule: mfupi, kifua kipana, miguu imepinda kidogo, mpira wake hauna pambo. Kazi yake kufagia kila kinachopita, na jina likamkaa. Kitu kimoja tu watu walimwona nacho cha ziada, nacho ni mdomo. Toka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho hakunyamaza. "Moja. Moja. Tatu. Mbili, mbili." Wale wa ukutani walimtania kwamba anafanyia uwanjani hesabu zilizomshinda darasani.

Sasa hesabu hizo ndizo zilizomfanya Kocha aombe mvua.

Miaka minne nyuma, Profesa alipokuwa na miaka kumi na mmoja na hajaitwa Profesa, alikuwa mtoto mwenye miguu ambayo mpira uliipenda. Ulimkaa mguuni kama umetiwa gundi. Lakini alikuwa haoni. Macho yalikuwa mazima, hospitali walikwenda na herufi zote ukutani akazisoma. Ila akishapewa mpira alikuwa anaona mpira na kiatu chake, basi. Wachezaji wengine wote wangeweza kwenda kula na kurudi asijue. Alinyang'anywa kutoka nyuma, alinyang'anywa kutoka pembeni, na wazazi waliokuwa wakitazama wakaanza kuguna kwamba huyu yuko kwenye timu kwa sababu ya baba yake. Jioni moja Kocha alimkuta nyuma ya karakana, amejibanza kati ya vyuma chakavu, analia na ngumi mdomoni ili asisikike.

Dawa ya mtoto asiyeona Kocha aliijua. Unamwacha apoteze mpira mara elfu, na kila akipoteza unamwuliza: uliona nini? Humwambii alichopaswa kuona. Unamwuliza tu, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka siku moja shingo yake inageuka yenyewe kabla mpira haujafika. Inachukua miaka miwili, na miaka hiyo miwili mtoto anazomewa. Kocha aliwapa dawa hiyo watoto wengi wa watu, na wazazi wao walipokuja kulalamika aliwajibu kwa utulivu wa mtu mwenye hekima: mwacheni akosee. Lakini dawa chungu ni rahisi kumnywesha mtoto wa jirani. Wa kwake, aliyemkuta na ngumi mdomoni, hakuweza.

Ndipo akamwita Fagio. Fagio, kwa umri ule ule, aliuona uwanja wote kama mtu aliyekaa juu ya paa. Hakuna aliyemfundisha, alizaliwa hivyo. Kocha akampa namba. Moja, rudisha mpira. Mbili, geuka, huna mtu mgongoni. Tatu, piga mbali upande wa pili. Nne, piga goli. "Mwenzako akikaribia kupata mpira, mtajie namba," alimwambia. Kisha akamfundisha mwanawe kutii. Ilikuwa ya mwezi mmoja tu, mpaka mtoto ajiamini. Mwezi ukaisha, timu ikawa inashinda, mtoto anacheka mezani, mama yake anacheka, jina la Profesa likaja, na Kocha akaongeza mwezi mwingine. Samaki mkunje angali mbichi, wamesema, na yeye alimkunja vizuri sana, ila kwa upande usiofaa. Nyani haoni kundule, lakini Kocha la kwake aliliona kila siku. Alichofanya ni kulikalia.

Basi mechi ile ikaisha, timu imeshinda tatu bila, na yule msaka vipaji akamfuata Kocha pale kwenye benchi. Alikuwa mtu mwembamba mpole, mwenye daftari dogo alilolishika kama karani wa mahakama. Alilifungua akamwonyesha. Chini ya namba ya mgongoni ya Profesa alikuwa ameandika maneno mawili: *Anaona kabla.*

"Kituo chetu cha mpira kinamwita mtoto mmoja kwa majaribio kutoka kila uwanja," alisema. "Mwaka huu ni wa umri huu wa wanao. Mwakani tunashuka, tunachukua wadogo zao. Nasikia huyu ni wako wa kumzaa."

"Ndiyo, ni wangu."

"Hilo halinisumbui. Ila nikuulize, mwalimu kwa mwalimu. Mtoto huyu ana tatizo gani ambalo mimi sijaliona?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, na hakuna aliyemshika Kocha mkono. Angesema neno moja tu. Lakini kule upande wa pili watoto walikuwa wamembeba Profesa juu juu, na mama yake alikuwa anakuja kutoka getini, futi ya kupimia bado iko shingoni kwa vile alitoka mbio cherehanini baada ya kusikia habari.

"Mguu wa kushoto," alisema Kocha. "Si mzuri kama wa kulia."

"Huo unafundishika." Mgeni aliandika. "Na yule mfupi wa nyuma, mwenye kelele? Nilimtazama kidogo. Naona kelele zake zinawachanganya wenzake."

"Ni tabia yake tu," alisema Kocha.

Mimi hilo la mguu wa kushoto ningemsamehe. Hili la pili sijui.

Kesho yake asubuhi Fagio alifika karakana kabla ya kengele ya shule. Alisimama mbali na cheche, akasubiri Kocha azime mashine.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Mbona mapema hivi?"

"Nimesikia Profesa amechukuliwa. Nimefurahi." Alikuwa amefurahi kweli, uso wake haukujua kuficha. "Ila nilikuwa nawaza. Kule nani atamtajia namba?"

Kocha alichukua brashi ya chuma akaanza kusugua mahali palipokuwa safi tayari. "Kule kuna walimu wakubwa. Watamzoesha."

"Yeye anajua kwamba hawezi bila namba?"

Lilikuwa swali ambalo Kocha hakuwahi kujiuliza kwa miaka minne, na lilimwingia kama msumari kwenye kandambili. "Hilo niachie mimi," alisema. "Tuna wiki tatu kabla ya siku ya majaribio. Kuanzia leo jioni, usimtajie kitu. Kimya kabisa. Na usimwambie kwamba mimi nimekukataza. Akijua atavunjika moyo."

"Sawa, Kocha," alisema Fagio. Alikuwa mtoto mtiifu. Alitii kusema, na sasa alitii kunyamaza.

Jioni hiyo uwanja ulikuwa kimya kwa mara ya kwanza, na Profesa akapotea. Alipokea mpira, akausimamisha vizuri kama kawaida yake, akangoja. Alinyang'anywa. Alipokea tena, akangoja tena. Akageuka kumtazama Fagio na mikono ameifungua, na wakati amegeuka akanyang'anywa mara ya tatu. Kocha alipiga filimbi, akamwita pembeni, akamfundisha kwa saa nzima yale aliyopaswa kumfundisha akiwa na miaka kumi na mmoja. Alimsimamisha, akaweka vijana wawili nyuma yake, mmoja na kizibao chekundu mkononi na mwingine cha kijani, akamwambia: kabla mpira haujafika, tupa jicho begani, uniambie rangi gani imeinuliwa. Watoto wa miaka tisa hufanya zoezi hilo huku wanatafuna miwa. Profesa alipotupa jicho, mpira ulimpita katikati ya miguu. Alipoutazama mpira, hakujua rangi. Siku ya kumi bado alikuwa anabahatisha.

"Baba, kwani haya mazoezi ni ya nini?" aliuliza wakati wanarudi nyumbani. "Fagio ndiye tatizo. Amenuna. Tangu nichaguliwe hanitajii namba tena."

"Labda amechoka."

"Ana wivu. Nimemwambia leo mbele ya watu: wewe una wivu."

"Akasemaje?"

"Alichukua viatu vyake akaenda."

Ilikuwa zamu nyingine ya Kocha kusema, na alisema kwamba marafiki hawafai kugombana. Njia nzima aliimaliza hivyo, kwa mawaidha yasiyomgharimu. Tangu siku ile Fagio hakupiga soga na Profesa tena, na mazoezi hakukosa, na mdomo hakufungua.

Siku kumi zilipobaki, Kocha alimpigia simu yule mgeni. Alijiandaa kwa maneno. Hata aliyasema mara mbili peke yake karakana, mlango umefungwa. Simu ilipopokelewa akasema, "Nilikuwa nadhani mtoto bado hajawa tayari. Labda asubiri."

"Wazazi wote husema hivyo wiki hizi," alijibu yule bwana, na kicheko chake kilisikika cha upole. "Wewe ni baba, unaogopa kumwachia. Jina lake limeshaingia. Mlete."

Jaribio lake la mwisho la kusema kweli lilikuwa nyumbani. Mkewe alikuwa kwenye cherehani anashona alama ndogo nyekundu kwenye kila nguo ya mtoto, soksi kwa soksi, zisije zikapotea kwenye ufuaji wa watoto mia. Kocha alikaa ukingoni mwa kitanda akamtazama.

"Unajua," alianza, "huyu mtoto si kwamba ni mchezaji mzuri hivyo."

Sindano ilisimama.

"Baba yake," alisema mkewe taratibu, "wewe mwenyewe enzi zako hukuchaguliwa. Nisingependa kuamini kwamba mtu anaweza kumwonea mwanawe wivu."

Kocha alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kutoka nje kwenda kuangalia kama mlango wa karakana amefunga. Ulikuwa umefungwa. Mficha uchi hazai, wanasema wahenga, na huyu aliuficha mpaka siku alipotaka kuuonyesha, hakuna aliyekuwa tayari kutazama.

Kituo kilikuwa na majengo meupe, nyasi zilizokatwa sawasawa, na uzio wa waya kuuzunguka uwanja. Kwenye uzio palikuwa na kibao: WAZAZI, TAFADHALI KIMYA. MWACHENI MTOTO ACHEZE. Kocha alikisoma mara mbili. Wazazi wengine walijipanga kando ya waya, kila mmoja na macho kwa wa kwake, na katikati ya uwanja alikuwa mwalimu mkuu wa kituo, mama wa makamo mwenye kofia ya kitambaa na goti moja lililofungwa bendeji, aliyekuwa akitembea polepole kati ya watoto kana kwamba anakagua bustani yake. Huyo mama hakuwa na filimbi. Akitaka mchezo usimame aliinua mkono, na ulisimama.

Waligawanywa wakaanza kucheza. Dakika ya pili mpira ulimfika Profesa. Aliupokea kwa namna iliyomfanya baba mmoja kando ya Kocha avute pumzi kwa kuona kitu kizuri. Halafu akangoja. Akageuza uso kumtazama mtoto aliyekuwa nyuma yake, mtoto asiyemjua, akimwangalia mdomoni. Yule mtoto hakusema chochote. Mpira ukachukuliwa.

Dakika ya tano hivyo hivyo. Ya tisa hivyo hivyo. Kocha alimwona mwanawe akimwendea yule mtoto, akimwuliza kitu, na yule mtoto akipandisha mabega. Akamwona akimwendea mwingine. Vidole vya Kocha vilikuwa vimeingia kwenye matundu ya waya na hakuhisi. Kwa sababu yeye alikuwa anaona. Ndiyo adhabu ya kujua mpira: aliona kila kitu. Aliona beki wa kushoto amepanda amesahau kurudi, aliona shimo lililobaki, aliona winga wa kulia anaingia pale mikono hewani, na mpira ulikuwa njiani unakwenda kwa Profesa aliyelipa goli mgongo, amekaza shingo, anasikiliza.

"Tatu," alisema Kocha.

Hakukusudia. Alidhani ameinong'ona, lakini koo lililopiga kelele uwanjani miaka kumi na miwili halina sauti ndogo. Uwanja mzima ulisikia. Profesa hata hakugeuka. Mguu wa kulia ulizunguka, mpira ukapaa juu ya vichwa vya mabeki, ukashuka mbele ya winga kama umewekwa na mkono, na yule winga akafunga bila kujitahidi. Kila mtu alikuwa anatazama mpira wavuni. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama uzio.

Aliinua mkono, mchezo ukasimama. Akamwita Profesa karibu, mita chache tu kutoka kwenye waya.

"Pasi nzuri sana," alisema. "Uliona nini?"

Profesa alimtazama, hakuelewa.

"Kabla hujapiga. Uliona nini kule?"

"Sikuona, Mwalimu. Nilisikia." Alijibu bila aibu, kama mtoto anayeulizwa nyumba yao iko wapi. Kisha, kwa vile lilikuwa linamsumbua toka asubuhi, akauliza na yeye. "Samahani, Mwalimu. Hapa nani anataja namba? Nimewauliza wote, hawajui."

Watoto wawili watatu wakacheka. Walidhani ni utani. Mwalimu mkuu hakucheka. Alimwekea mkono begani, akamrudisha uwanjani, akaruhusu mchezo uendelee, halafu akaja kwenye waya akichechemea.

"Wewe ni nani wake?"

"Baba yake. Na kocha wake."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

Alivua kofia akajipangusa paji la uso. Kocha alingojea atukanwe, na angeshukuru. Lakini yule mama alisema kwa sauti ya chini, wazazi wengine wasisikie: "Miguu yake sijaiona mfano wake mwaka huu. Ungemleta miaka minne iliyopita akiwa anapoteza kila mpira, ningemchukua kwa furaha. Sasa ana miaka kumi na mitano kasoro, na kichwa chake hakijawahi kucheza hata mechi moja. Mimi nina miezi sita na kila mtoto. Haitoshi. Nikimchukua nitamvunja."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Nani alikuwa anamtajia?"

Na hapo Kocha, aliyekosa maneno kwa msaka vipaji, kwa simu, kwa mkewe na kwa mwanawe, maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alimweleza yote ya Fagio: macho yake, paa lake, jinsi anavyojua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa, miguu yake iliyopinda ambayo haijawahi kukosa. Alisema mechi zote hizo ni Fagio aliyezicheza, mara mbili, kwa miguu yake na kwa miguu ya mwenzake. Alimwomba amwite hata kesho. Angemleta mwenyewe, hata kwa mguu.

Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. "Uwanja wenu ulikuwa na nafasi moja," alisema. "Imetumika leo. Mwakani tunachukua wadogo, yeye atakuwa amepita umri. Si mimi niliyeitunga sheria hii, na nimejaribu kuivunja mara nyingi, haivunjiki." Alivaa kofia. "Yule bwana wa daftari hakukuuliza kuhusu huyo mtoto?"

"Aliniuliza."

Yule mama alitikisa kichwa kidogo, akarudi kazini kwake.

Mchezo uliendelea saa nzima, kwa vile kituo kile hakimtoi mtoto katikati ya majaribio. Kocha alisimama pale pale akamtazama mwanawe akipokea na kungoja, akipokea na kungoja, na kila mara aliona pa kupiga, na kila mara aliuma ulimi. Hakuna kilichomshinda kama hicho maishani mwake. Kuondoka hakuweza, kwa sababu mtoto alikuwa anainua macho kumtafuta.

Jibu walipewa saa saba mchana, kwa heshima, kwenye chumba chenye viti vya plastiki. Kisha wakatoka na begi lao la nguo zenye alama nyekundu, wakakaa kwenye benchi la saruji nje ya geti kusubiri gari la kurudi. Watu walipita, mwuza maji alipita, na Profesa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mwalimu ameniambia timu nyingine hazitaji namba," alisema mwishowe. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Hata zile za kwenye televisheni? Mimi nilijua wanatajiana, ila kelele za watu ndizo zinafanya tusisikie."

"Wanaambizana hiki na kile. Lakini si hivyo. Kila mtu anatazama mwenyewe."

Mtoto alilichukua hilo taratibu, akalitia mahali pake, na Kocha aliona usoni mwake miaka minne ikipangwa upya, mechi kwa mechi.

"Wewe ulijua kwamba sioni?"

"Nilijua."

"Na Fagio?"

"Fagio alijua. Mimi ndiye niliyemwambia ataje, na mimi ndiye niliyemwambia aache, asikuambie." Alilisogeza begi kando, akaendelea. "Hakuwa na wivu na wewe hata kidogo. Alikuja karakana kuniuliza kule utatajiwa na nani."

"Basi mimi peke yangu ndiye nilikuwa sijui," alisema Profesa.

Hakusema kwa hasira. Kocha angejua la kufanya na hasira. Watoto arobaini kila jioni, hasira ni chakula chake. Alisema kama mtu anayehesabu waliomo chumbani. Baadaye kidogo machozi yalianza kumtoka, na safari hii hakuweka ngumi mdomoni, aliyaacha tu yateremke mbele ya wapita njia.

"Nilimwambia mbele ya watu wote, Baba. Nilimwambia ana wivu. Kesho nikimkuta shuleni nitamwambia nini?"

Alimgeukia baba yake, akamtazama mdomoni, akangoja. Kocha alifungua mdomo. Alitafuta neno, akatafuta tena, na mtoto bado alikuwa anangoja.